Kuchavusha Mnavu kwa Mkono, Hatua kwa Hatua

Karibuni shambani, wapendwa, hapa Mwandiga, Kigoma. Leo tunachanganya minavu miwili, mama na baba, tupate mmoja wenye majani mapana na unaochelewa kuchanua. Mama ni mnavu huu wa shina la kijani: majani mapana, ila unawahi kutoa maua, na ukishachanua majani yanakuwa madogo. Baba ni ule wa shina la zambarau. Unachelewa kuchanua, unachuma mpaka uchoke. Yote miwili ni ya matunda makubwa meusi, yenye kromosomu 72, yaani nyuzi za kurithi ndani ya seli. Ule wa matunda ya rangi ya chungwa una 48, uacheni, hautazaa vizuri na hii.

Tunaanza jioni. Chagua tumba lililovimba, weupe unachungulia lakini halijafunguka. Mengine ya kichala hicho toa yote. Fungua petali taratibu kwa kibanio cha nyusi... subirini, simu inalenga kidole changu. Haya, sasa mnaona? Mifuko mitano ya chavua, ya manjano, imekizunguka kijiti cha katikati, sehemu ya kike inayopokea chavua. Toa mmoja mmoja. Kijiti usikiguse! Bana mfuko chini kabisa, vuta kwa nje, usivute kwa juu. Kijiti kikikatika, tumba halina kazi tena, hamia lingine. Ukiona unga umeshamwagika, acha hilo pia, limeshajichavusha. Wa tatu... wa nne... kijiti jamani, kijiti! Wa tano. Safi.

Vika bahasha ndogo ya karatasi, funga uzi bila kukaza.

Asubuhi umande ukikauka, chuma ua la baba lililofunguka. Mifuko yake ina vitundu nchani, kwa hiyo ukiipapasa hupati kitu. Gongagonga ua juu ya ukucha wa dole gumba. Unga huo! Gusisha ncha ya kijiti, rudisha bahasha, andika lebo: mama, baba, tarehe. Tumia penseli, wino unafutwa na mvua.

Mimi naupenda mnavu mchungu, wa mawese na dagaa, kwa hiyo uchungu siupunguzi.

Tunda likiwa jeusi na laini, kamua, osha mbegu, anika kivulini. Kitaluni, mche wenye zambarau una damu ya baba. Wa kijani mtupu ng'oa, huenda mama alijichavusha. Ila msichague bado, kizazi cha kwanza kinafanana. Kiacheni kijichavushe, mpande mbegu zake kwa wingi. Kizazi cha pili ndipo majani mapana na kuchelewa kuchanua vinapokutana kwenye shina moja. Shina hilo lifungieni kitambaa, msilichume hata jani, liacheni lizae mbegu.