Saa ya Silikoni na Maji ya Bamvua

Wakubwa shikamooni, wanafunzi karibuni. Nianze na maji, maana hapa Tanga hayahitaji maelezo.

Chomeka kijiti ufukweni, juu kidogo ya usawa wa kati wa maji. Siku ya bamvua maji yatakifikia mapema; siku ya maji mafu yatakawia, ingawa siku zote mbili yanatumia kama saa sita kutoka kupwa hadi kujaa. Anayekodolea kijiti tu atasema maji yamechelewa kuanza. Wapi! Ni madogo, basi.

Vitambuzi vya silikoni, vipande vinavyopima muda ambao chembe ndogo imepita, vina uongo huohuo. Vinavyotengenezwa kwa ajili ya ATLAS na CMS, majaribio mawili makubwa ya kugonganisha chembe huko CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia, vina unene hai, yaani sehemu inayohisi chembe, wa mikromita 50, na pikseli moja ni milimita 1.3 kwa 1.3. Vinadaiwa usahihi wa pikosekunde 30 hivi (pikosekunde ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde), muda ambao mwanga unakwenda milimita 9 tu. Sasa, chembe moja huacha chaji nyingi, nyingine kidogo, na chaji hiyo hutoka kama pigo la umeme. Ukiweka kizingiti kimoja cha milivolti, pigo kubwa linakivuka mapema, dogo baadaye. Dawa yake: soma muda pale pigo linapofika nusu ya kimo chake lenyewe.

Kupima usahihi huo, mezani weka chanzo cha strontiumu-90, kitu chenye mnururisho kinachorusha elektroni, chini yake vitambuzi viwili vya aina moja, kimoja juu ya mwenzake. Kusanya mapigo elfu kadhaa yaliyotokea kwa pamoja, uchore tofauti za muda. Mtawanyiko ukiwa pikosekunde 50, hiyo si ya kitambuzi kimoja: gawanya kwa kipeuo cha pili cha 2, utapata kama 35. Lakini vitambuzi hivyo vikitofautiana, hata kwa volti tu, hesabu inaharibika kimyakimya. Ukiwa na shaka ongeza cha tatu, utatue kwa pamoja hesabu za jozi zote tatu.

Kitambuzi kilichopigwa mnururisho ni kazi nyingine. Boroni iliyochanganywa kwenye tabaka linalokuza chaji ndani ya silikoni inapoteza nguvu, kwa hiyo volti hupandishwa. Mkondo unaovuja nao huongezeka, kwa hiyo tunapoza hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Mnaijua chupa ya soda baridi inavyotoka jasho hata kabla hujaifungua. Jasho hilo likikaa ukingoni mwa silikoni, cheche zinaruka. Funga kisanduku, pitisha nitrojeni kavu, *ndipo* upoze. Ukimaliza, shusha volti, acha kipate joto, ndipo ufungue. Wengi huharibu hapa mwishoni, kwa haraka ya kwenda kula.

Volti zipande kumi kumi, kikomo cha mkondo kikiwa kimewekwa. Zikikaribia 600 kwa unene huu, protoni moja tu ya mwale wa mashine ya kuharakisha chembe inaweza kuunguza pikseli na kuacha shimo dogo linaloonekana kwa hadubini. Elektroni za strontiumu hazifichui hatari hiyo, kwa hiyo kitambuzi kilichofaulu mezani kwa volti 650 bado hakijafaulu.