Usiishie Kwenye Chujio

Shikamooni wazee wangu. Habari za jioni mama zangu, kaka na dada zangu. Bwana asifiwe, asalaam aleikum, kila mmoja apokee yake. Najua wapo mliotoka zamu ya ghala mkaja hapa moja kwa moja, hata maji hamjanywa. Nawashukuru sana.

Wapo pia wanaosema moyoni, huyu fundi na draya zake tena, hizi mashine za kukaushia nguo. Ndiyo, draya tena. Siku nitakayoingia nyumba kumi mfululizo nikakuta mabomba kumi safi, nitakuja kuwazungumzia jiko au friji. Siku hiyo haijafika.

Sitapoteza muda kueleza kitufe cha kuwashia. Wengi wenu mmekaa na hizi mashine miaka mitano, miaka kumi. Nataka kwanza mshike huu mfuko wa nailoni, mpitishiane mkono kwa mkono. Ingizeni vidole. Laini, eh? Mama pale anasema kama sufi ya mto. Haya ni manyoya ya nguo, ndugu zake wale mnaowatoa kwenye chujio, ule wavu wa draya unaonasa manyoya, kila mkikausha. Lakini haya sikuyatoa kwenye chujio. Niliyatoa kwenye bomba la hewa, nyuma ya draya, katika nyumba ya vyumba vitatu hapa hapa Louisville, Marekani. Ukiyachambua utaona uzi mwekundu wa sweta la mtoto, nywele, na kipande cha risiti ya dukani. Na haya machache kwenye kikopo nimeyatenga makusudi. Angalieni rangi yake, kahawia. Yanuseni. Yananuka kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi. Haya yalikuwa yameshaanza kuungua.

Niwasimulie nyumba hiyo, maana ndani yake mlikuwa na karibu kila kitu ninachotaka kusema leo.

Mama mwenyewe ni mtu wa Bukavu, ana watoto wanne. Alinipigia simu mwezi wa Januari, ile baridi ya kukata masikio. Akasema, "Fundi, draya haipati moto." Nikamuuliza imeanza lini. Akasema moto umepotea jana, ila tangu mwezi wa kumi jinzi na mataulo ilibidi ayazungushe mara mbili, siku nyingine mara tatu. Tangu mwezi wa kumi! Miezi mitatu mashine inaomba msaada na hakuna aliyewahi kumwambia huyu mama kwamba ule ulikuwa mlio wa hatari. Hapo ndipo ninapokasirika, na hasira yangu ni juu yetu sisi mafundi, si juu yake.

Kwa sababu draya ni nini? Watu huiona kama oveni ya nguo. Kazi yake kubwa ni ya feni. Koili inapasha hewa, feni inaivuta ipite katikati ya nguo, hewa inabeba unyevu na kuutoa nje kupitia bomba. Nguo zikitoka kwenye mashine ya kufulia bado zimebeba lita kadhaa za maji, na maji hayo yote lazima yatoke nje ya nyumba yakiwa mvuke. Bomba likiziba, hewa haitembei. Unyevu unabaki kwenye nguo, na joto lililotakiwa kutoka linabaki ndani ya mashine pamoja na manyoya. Sasa mzigo uliokuwa unakauka kwa dakika 45 ukianza kutaka saa moja na nusu, usiseme koili imechoka. Koili ikikatika, hupati joto kabisa. Kama joto lipo na nguo hazikauki, nenda kwenye bomba. Hata fundi akikwambia ununue draya mpya, mwambie kwa heshima, "Kwanza tuangalie bomba."

Basi nikaisogeza ile mashine. Nyuma nikakuta bomba la plastiki jeupe, lile linalokunjamana kama kodiani, limebanwa kati ya draya na ukuta mpaka limekuwa bapa kama chapati. Nikalichomoa, nikamulika tochi, mwanga haukupita. Nikaingiza mkono nikavuta. Yakaja kama mkia wa paka. Nikavuta tena, bado yanakuja. Nilijaza mifuko miwili kama huu. Mama amesimama mlangoni, mtoto mgongoni, ananiangalia, kisha akasema, "Lakini mimi chujio nasafisha kila siku."

Na ilikuwa kweli. Chujio lake lilikuwa linang'aa.

Hilo ndilo neno ninaloambiwa kila nyumba: chujio nasafisha. Hongera, endelea hivyo, kila mzigo, kabla ya kuwasha. Lakini chujio halishiki kila kitu. Manyoya madogo yanapenya, yanaingia kwenye bomba lenye mvuke, yananata ukutani. Leo unyoya, kesho unyoya, kila kona ya bomba inajijengea kiota. Kusafisha chujio peke yake ni kufagia sebule na kuacha uchafu nyuma ya mlango. Bomba nalo linataka kusafishwa, angalau mara moja kwa mwaka. Nyumba yenye watoto wengi au mbwa, usingoje mwaka.

Nikafungua mgongo wa mashine kutafuta moto umepotelea wapi. Ndani kuna fyuzi ndogo ya joto, haizidi kifundo cha kidole. Joto likipita kiwango inakatika, na ikikatika haijirudishi, lazima ubadilishe. Ilikuwa imekatika. Maana yake ile fyuzi ilikufa ili watoto wanne wasife. Nikamwonyesha mama. Akaniambia kwamba shemeji yake ameshampa dawa: fyuzi ni ya kurukwa, unaunganisha waya mbili na kazi imekwisha, hakuna kununua kitu. Shemeji alikuwa aje Jumamosi. Mimi niliitwa Alhamisi.

Naomba mnisikilize kwa hili kuliko yote. Usiruke fyuzi. Yeyote anayekuja nyumbani kwako akaunganisha waya kupita fyuzi, hata kama ni kaka yako wa tumbo moja, hajatengeneza draya. Ameziba mdomo wa mlinzi usiku. Fyuzi mpya ni dola chache. Na ukibadilisha fyuzi bila kusafisha bomba, itakatika tena, kwa sababu kilichoiua bado kipo.

Nikaweka fyuzi, nikaweka bomba la chuma mahali pa lile la plastiki, nikasafisha njia yote hadi nje kwa brashi ndefu. Tukawasha. Nikamwambia mama avae koti tutoke. Ukutani kwa nje kuna kifuniko, kilikuwa kimefunikwa na barafu, wala hakujua kipo. Kikainuka chenyewe. Nikamwambia aweke mkono. Upepo wa moto ukampiga kiganjani, ile barafu ikaanza kudondoka tone kwa tone. Alicheka kama msichana. Akaniuliza, "Kumbe hapa ndipo inapopumulia?" Ndipo hapo, mama. Na hiki ni kipimo asichohitaji mtu kuwa fundi. Draya ikiwa inazunguka, toka nje, tafuta kifuniko chako. Kama hakiinuki, au upepo ni wa kubembeleza, zima.

Sasa mtu atasema ninakuza mambo. Mamlaka ya Zimamoto ya Marekani ilichambua miaka ya 2008 hadi 2010, ikakuta kama mioto 2,900 ya draya majumbani kila mwaka, watu 5 wanakufa, 100 wanajeruhiwa, mali ya dola milioni 35 inateketea. Chanzo kilichoongoza kilikuwa kutosafisha, asilimia 34. Na mwezi uliozidi yote ni Januari, mwezi wetu wa makoti mazito na mablanketi. Mtu mmoja katika hao watano angetosha.

Kuhusu bomba lenyewe nitaenda upesi. Liwe la chuma, laini ndani, upana wa inchi 4. Lile la plastiki, na lile la karatasi ya fedha linalopasuka kwa kidole, ondoa. Kanuni za ujenzi zinazofuatwa katika majimbo mengi zinataka urefu usizidi futi 35, na kila kona ya nyuzi 90 inakula futi 5. Kwa hiyo bomba lenye kona tatu limebaki na futi 20 tu. Usiliunganishe kwa skrubu zinazochungulia ndani, kila skrubu inanasa manyoya kama mwiba. Na pale nje usiweke wavu wa kuzuia ndege. Unazuia ndege lakini unayakamata manyoya yote. Ndege wanazuiwa na kifuniko kinachofunga vizuri. Nimewahi kutoa kiota kizima kwenye bomba la juu ya paa, kina majani na ganda la yai. Ndege naye anapenda joto.

Atakuwepo wa kusema, "Nimepanga, draya ni ya mwenye nyumba." Sawa, bomba ni jukumu lake, lakini usingizi ni wako na watoto ni wako. Mwandikie. Usimpigie tu simu, andika ujumbe, weka tarehe, piga picha ya bomba lililobanwa, hifadhi. Mtu aliyeandikiwa hawezi kusema hakujua. Kama Kiingereza kinakusumbua, njoo kwangu tuandike pamoja, sitozi kitu.

Na mzee wangu wa Kigoma, namwona pale, kila nikizungumza ananiambia kwetu tulianika kambani na hakuna aliyeungua. Mzee, uko sahihi, na kiangazi mimi mwenyewe naanika. Lakini majengo mengi hapa yanakataza nguo kwenye baraza, na Januari shati ukilianika nje linasimama lenyewe kama ubao. Draya tutakuwa nayo. Tuitunze.

Jambo la usiku. Mnarudi kazini saa tano usiku, mnajaza draya, mnawasha, mnalala. Hapana. Agosti 2016, London magharibi, jengo la ghorofa 18 lilishika moto ulioanzia kwenye draya iliyokuwa ghorofa ya 7. Aina ile ya draya ilikuwa imeshatangazwa kuwa na kasoro, manyoya yaliweza kuangukia koili. Hakuna aliyekufa. Lakini ulikuwa mchana, watu wako macho. Fikirini saa nane za usiku. Wenye ndugu Uingereza waambieni wakague namba ya mashine zao, na ninyi pia hapa, namba iko kwenye kibandiko upande wa ndani ya mlango. Usiwashe draya ukalala, wala ukatoka kwenda dukani.

Mwenyekiti ananionyesha vidole vitano, dakika tano. Basi nakimbia.

Mafuta. Dada zangu wa saluni, mataulo yaliyoingia mafuta ya nywele. Akina mama, vitambaa vya jikoni vyenye mafuta ya kupikia. Vijana wa gereji, ovaroli zenye petroli au grisi. Fua kwa maji ya moto na sabuni, rudia, na kama bado inanuka, anika. Petroli isikaribie draya kabisa. Mafuta ya kupikia yakibaki kwenye kitambaa cha moto kilichorundikwa, yanaweza kuendelea kujipasha yenyewe mpaka yawake, hata draya ikiwa imezimwa. Acha mashine imalize ule muda wake wa kupoa, kisha tandaza nguo, usirundike kapuni zikiwa za moto.

Zulia la bafuni lenye mpira chini, mto wa sponji, viatu vya soli ya povu, visiingie. Kagua mifuko ya suruali: kiberiti cha gesi, pawabanki.

Zile karatasi za kunukisha nguo zinaacha utando kwenye chujio. Lipeleke kwenye bomba la maji, mimina maji. Yakituama juu, sugua kwa brashi na sabuni, likauke ndio urudishe.

Plagi. Draya nyingi hapa ni volti 240, haziungwi kwenye waya wa kuongezea. Plagi ikiwa ya moto ukiigusa, ita fundi umeme.

Na hili limenishtua msimu uliopita: kuna watu wanachomoa bomba makusudi ili hewa ya moto iingie ndani, wapunguze bili ya kupasha nyumba. Jamani! Mnapuliza manyoya na mvuke chumbani, ukuta unaota ukungu, watoto wanapumua. Na kama draya ni ya gesi, mnaingiza kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, inaua watu wamelala. Rudisheni bomba leo. Leo usiku.

Watoto wasijifiche ndani yake. Mlango ufungwe daima.

Ikiwaka je? Usifungue mlango wa draya, ukifungua unaupa moto hewa. Funga mlango wa chumba, toeni watu wote, msirudi kuchukua pasipoti wala simu. Mkiwa nje piga 911, sema "fire", taja anwani, kisha sema "Swahili" na uombe mkalimani. Wafundisheni watoto anwani ya nyumba kwa moyo.

Muda umekwisha, maswali tutaulizana tukisimama. Rudisheni ule mfuko huku mbele. Nimeweka uani sahani ya bati, kiberiti na ndoo ya maji. Nitachukua manyoya ya kujaza kiganja kimoja tu, niyawashe, na ninyi mhesabu kwa sauti ni sekunde ngapi. Vaeni makoti, twendeni.