Nani Hakuletwa Mbele Yetu? Mhadhara kwa Walimu na Wanafunzi, Dodoma

Mbukwenyi. Ndugu walimu, wazazi, na ninyi wanafunzi mliotembea kutoka mabwenini kwenye vumbi hili la jioni, nawashukuru kwa kunipa nafasi. Walionisikia Mpwapwa, na waliowahi kukaa darasani kwangu, wanalijua nitakalosema, na sioni haya kulirudia, kwa sababu kila ninapopita sokoni Majengo au kufungua simu yangu nakuta bado halijasikika. Nataka tuzoee kuuliza swali moja kila tunapowekewa ushahidi mbele ya macho: ni nini, au ni nani, ambaye hakuletwa hapa?

Nitaanza na shamba. Nilikuwa nafundisha hisabati katika sekondari moja wilayani Kongwa, na mabwana wa kampuni moja ya mbegu walikuwa wamepanda shamba darasa kando ya barabara kuu iendayo Morogoro. Walitualika siku ya maonyesho, mwezi Machi. Nilikwenda na shangazi yangu, ambaye hakuwahi kukalia dawati lakini alikuwa amelima uwele na mtama tangu akiwa binti. Mahindi yalikuwa yamesimama kama ukuta, majani mabichi mpaka chini, kila bua limebeba mawili. Nikafanya nilichosomea: nilipima mistari, nikahesabu mabua katika mita kumi, nikahesabu punje za hindi moja, nikazidisha, nikapata kwamba ekari ile ingetoa magunia 22, na hesabu yangu ikakubaliana na ya muuzaji.

Shangazi hakuhesabu kitu. Alichuchumaa penye shina moja, akachimba kwa kidole mpaka kikazama nusu, akakitoa na kukitazama, kisha akatembea taratibu hadi mwisho wa shamba na kusimama pale ameinamisha kichwa. Aliponiita nilimkuta anatazama alama za magurudumu mapana, zilizodidimia kwenye udongo mwekundu, zikiingia kutoka barabarani na kutoka tena.

"Mwanangu," akasema, "huku mvua imenyesha lini?"

Nikamjibu kwamba ilikuwa imepita wiki ya tatu.

"Basi hili boza la maji lilifuata nini shambani?"

Nilimwambia, tena mbele za watu, kwamba mambo haya ni ya kitaalamu. Maneno hayo sikupata kuyafuta, kwa maana shangazi ametangulia mbele ya haki kabla sijamwomba radhi ipasavyo.

Msimu uliofuata nilichukua mkopo katika chama chetu cha kuweka na kukopa, nikapanda ekari 4 za mbegu ile. Mvua za Desemba zilikuja vizuri. Februari mbingu zikafunga siku 24, kama zifungavyo miaka mingi katika nchi hii ya Ugogo, na zikafunga wakati ule ule mahindi yanapotoa mbelewele, wakati ambao hindi halina subira. Kutoka ekari zote nne nilivuna magunia 3, na sehemu kubwa ya nilichovunja shambani yalikuwa magunzi yenye punje chache upande mmoja. Shangazi alivuna uwele wake kama kawaida, akaniletea debe mbili bila kutaja boza.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo wengi huniacha. Watu huniambia, "Mwalimu, ulitapeliwa." Nakataa, na ningependa tulikatae jibu hilo kwa pamoja, kwa sababu ni jibu la kivivu. Kila alichosema muuzaji kilikuwa kweli: mbegu ilikuwa ile ile, ekari ilikuwa moja, na magunia 22 yangepatikana. Hesabu yangu nayo ilikuwa sahihi. Tunawafundisha watoto kuogopa uongo, na ni vyema, lakini uongo mara nyingi hujitoa wenyewe. Kinachotuangusha ni ukweli ulioletwa nusu, ambao nusu ya pili imeachwa kwenye alama za magurudumu. Nami nilitazama kwa bidii sana kile nilichoonyeshwa, na ile bidii yenyewe ndiyo iliyonipofusha.

Ukitaka kuona jambo hilo hilo likitendwa na serikali nzima, huhitaji kusafiri, kwa sababu lilitendeka Kongwa kwetu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, na mwaka 1946 ikaleta ujumbe ulioongozwa na John Wakefield kuchunguza mahali pa kulima karanga. Ujumbe ulizunguka kwa wiki tisa, nchi nyingi ukiitazama kutoka kwenye ndege, ukarudi na pendekezo la kulima zaidi ya ekari milioni 3 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Matrekta yaliletwa, baadhi yakiwa mitumba ya kijeshi, na mibuyu ikang'olewa.

Aliyewahi kulima karanga anajua kwamba ua lake likishachavushwa huteremsha kikonyo, kikaingia ardhini, na karanga ikakua humo humo, kwa hiyo siku ya kuvuna ni lazima udongo ukubali kuachia. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi. Mvua ikishakata hugeuka kama sakafu. Majembe ya mashine yaliisha makali, na karanga zilizokubali kukua zikabaki zimefungiwa chini. Mapema mwaka 1951 mpango ulivunjwa, baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36. Kutoka angani nchi ile ilionekana tambarare, pana, yenye vichaka vya kufyeka, na hayo yote yalikuwa kweli. Udongo wa mwezi Juni hauonekani kwenye ndege, na mwenye jembe la mkono aliyeujua hakuletwa mezani.

Naona wazee wawili hapa mbele wanatikisa vichwa kwa kuridhika, na ninajua wanachosema mioyoni: wataalamu hawajui, wenyeji ndio wanaojua. Wazee wangu, nawaheshimu, lakini siwezi kuwaachia mwondoke na hilo. Mwaka 2016, katika mkoa huu wetu wa Dodoma na jirani zetu wa Manyara, watu waliumwa matumbo, wakatapika, macho yakawa ya njano. Waliotambuliwa walikuwa 68, na kati yao 20 walifariki. Chanzo hakikutoka Uingereza. Ilikuwa sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga, na mahindi yenyewe yalikuwa ya kwetu, tuliyoyapanda, tukayahifadhi na kuyasaga wenyewe. Sumu hiyo haina ladha wala harufu ya kukuonya, na moto wa kusonga ugali hauiondoi. Kidole cha shangazi, ambacho nimekisifu tangu nianze, kisingeweza kuigundua, ilihitajika maabara.

Na bado nimesikia kwa masikio yangu, katika mkutano wa kijiji, mtu mzima akisimama na kusema, "Tumekula mahindi haya tangu enzi za babu zetu na hatujafa." Ndugu zangu, ni nani anayeweza kusimama mkutanini na kusema hajafa? Waliokufa hawaitwi kutoa ushahidi. Sumukuvu hii, ukiila kidogo kidogo kwa miaka, huleta saratani ya ini, na mgonjwa wa ini huzikwa bila mtu kuikumbuka ghala yake. Kwa hiyo hesabu ya "hatujafa" hufanywa na waliobaki, kwa kuwatazama waliobaki. Ni lile lile shamba darasa, isipokuwa safari hii tumelipanda sisi wenyewe na boza tumelificha sisi wenyewe. Anayekausha mahindi yake vizuri juu ya turubai, akachambua yaliyooza na kuvunjika, na asilaze gunia chini kwenye udongo, amekubali kuwaza juu ya watu ambao hawezi kuwaona.

Sisemi basi tuwafuate wataalamu, wala sisemi tuwafuate wazee. Nimechoka kuulizwa niko upande gani. Kwa kila anayetuletea neno, awe na shahada au awe na mvi, nataka tumuulize amejuaje, na ametazama wapi, na wapi hakutazama.

Muda unanikimbia, na nilikuwa nimeahidi kuzungumzia mambo ya simu na ya siasa, kwa hiyo nitayagusa tu. Ujumbe wa sauti ukikuambia kwamba jirani alikunywa mizizi fulani akapona mafua kwa siku saba, waulize walioumwa mafua hayo hayo na hawakunywa kitu walipona kwa siku ngapi. Kiongozi akisema visima vya kata vimeongezeka mara mbili, muulize vilikuwa vingapi, kwa kuwa viwili vikiwa vinne vimeongezeka mara mbili. Mkoa huu, kwa sensa ya 2022, una watu 3,085,625. Mradi unaojisifia kwamba umenufaisha watu 3,000 umemfikia takriban mmoja katika kila elfu moja, na pengine hilo ni jema, lakini na yule mmoja asisimamishwe jukwaani kana kwamba ndiye mkoa.

Kuhusu mitihani yetu ya kujaza nafasi nilikuwa na mengi, nayo nayaacha, ila neno moja kwa walimu wenzangu. Mtoto akikuuliza, "Mwalimu, tumejuaje?", usimwambie kwamba haipo kwenye mtihani. Na msiniambie kwamba kuuliza wakubwa ni kukosa adabu katika mila zetu. Shangazi yangu alimuuliza kijana aliyemlea, mwenye shahada, kwa sauti ya chini na kwa neno "mwanangu". Aliyekosa adabu siku ile alikuwa ni yule aliyeulizwa.

Mwenyekiti, naona binti mmoja kule nyuma, karibu na dirisha, amenyoosha mkono tangu nilipotaja zile wiki tisa za ndege, na mara mbili ameushusha akaunyoosha tena. Naomba yeye atangulie kabla ya wageni wa heshima. Simama, mwanangu, uliza. Na ukiona sijakujibu, usikae.