Kutoka Kuosha Chupa

Asanteni. Mliosimama nyuma sogeeni, viti vya mbele having'ati.

Kila mwaka naulizwa swali lile lile: alama ngapi zinatosha kupata nafasi ya utafiti kabla ya kumaliza shahada ya kwanza? Nitajibu kwa kisa. Katika Chuo Kikuu cha Columbia, mwanafunzi Calvin Bridges alipewa kazi ya kuosha chupa kwenye maabara ya Thomas Hunt Morgan, mtafiti wa urithi wa sifa, chupa za maziwa walimofugiwa nzi wa matunda. Siku moja, akiwa na chupa mkononi, alimwona kupitia kioo kile kizito nzi mwenye macho mekundu ya kung'aa kuliko ya wenzake. Hakuwa na hadubini. Morgan akamtoa Bridges kwenye kuosha chupa, akampeleka kwenye utafiti wa nzi wenyewe.

Mwenzake, Alfred Sturtevant, mwaka 1911 alikuwa na miaka 19. Jioni moja alibeba nyumbani takwimu za maabara za jinsi nzi wanavyorithi sifa, akaziweka kando kazi za darasani, akakesha nazo. Aliwaza hivi: jeni, yaani vibeba sifa za kurithi, zimepangwa kwenye kromosomu, nyuzi zilizomo ndani ya seli; jeni mbili zikiwa mbali, hutenganishwa mara nyingi zinaporithishwa kwa watoto, zikiwa jirani, mara chache. Kumbe basi mara hizo ni kipimo cha umbali! Alfajiri alikuwa amezipanga jeni tano kwenye mstari mmoja, ramani ya kwanza ya kromosomu. Ilichapishwa 1913. (Zile kazi za darasani msiziache, wahadhiri wenu wamekaa hapa.)

Sasa, barua za maombi. Nyingi huanza na "napenda sana biolojia", nami hapo sijajua lolote kuhusu mwandishi. Lakini aliyesoma makala zangu mbili, akauliza kwa nini sampuli zilichukuliwa asubuhi tu, nilimwita siku ile ile. Tena sema una saa ngapi kwa wiki, na hadi mwezi gani. Kumfundisha mtu huchukua muda. Anayekuja wiki tatu huondoka pale tu anapoanza kufaa. Kama huna maabara karibu, mfuatano wa DNA uliomo GenBank, hazina ya data mtandaoni, ni bure kwa yeyote.

Na ukishaingia? Mimi mwaka wa mwisho nilikuwa nanakili jeni moja kwa PCR, mbinu ya kutoa nakala nyingi za kipande cha DNA. Wiki ya sita, sampuli zote zilitoa mstari safi kwenye jeli, inayotenganisha vipande vya DNA kwa urefu wake, na vyote vilikuwa na urefu ule ule. Nilikimbia na picha kwa msimamizi wangu kama aliyeokota almasi. Aliitazama, akaniuliza, "Ile ya maji iko wapi?" Ni mirija isiyotiwa DNA, maji tu, ili ukiona mstari ujue kuna uchafu. Sikuwa nimeiweka, niliona inapoteza dawa za maabara bure.

Nikarudi, nikaiweka. Maji nayo yakatoa mstari.

Kurasa zile za daftari ninazo mpaka leo, zimepigwa mkasi wa kalamu nyekundu kuanzia wiki ya pili. Haya, nani ana swali?