Kaunsela Tunayemsahau Ndo Mwenye Kura Ndani ya Baraza

Asanteni sana. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana wa boda mliopaki hapo nje mkaingia kusikiliza, nawasalimu wote. Nimeombwa niongee juu ya safari ya kaunsela, yaani mjumbe wa baraza la jiji, kwenye siasa, anachaguliwaje, anapanda vipi, anaanguka vipi. Naongea Kiswahili maana hapa Arua ndo kinatukutanisha wote, Mlugbara, Mnubi, Mkakwa, na ndugu zetu wa kutoka Kongo.

Sasa mtanivumilia, nitawapeleka Kampala kwanza. Sisi tumekuwa jiji tangu tarehe 1 Julai 2020, bado wachanga, na funzo kubwa la siasa za baraza la jiji kwa hii nchi lilitokea kule. Naongelea mambo ya Erias Lukwago. Wengi mnalijua jina, ni yule wakili ambaye kuanzia 2006 alikuwa mbunge wa Kampala ya Kati halafu 2011 akagombea Lodi Meya, yaani meya mkuu wa jiji la Kampala. Lakini leo sitaki tumwangalie yeye peke yake, nataka mwangalie watu waliokaa naye kwenye baraza, wale makaunsela ambao nikiwauliza hapa nyinyi wa kwenu ni nani, nusu ya huu ukumbi watatazamana.

Bunge lilipitisha sheria ya KCCA, yaani mamlaka ya jiji la Kampala, mwaka 2010, ikaanza kazi 2011, ile Kampala City Council ya zamani ikaisha. Sheria hiyo ilimweka Lodi Meya kuwa kiongozi wa kisiasa, anachaguliwa na watu, halafu ikaweka Mkurugenzi Mtendaji anayeteuliwa na Rais, na huyo ndo anashika pesa na wafanyakazi. Wa kwanza alikuwa Jennifer Musisi. Yaani umechagua mtu kwa kura yako, akifika ofisini anakuta kalamu ya kusaini hela iko kwa mwingine. Ugomvi ulianza hapo na mimi naona ulikuwa umeandikwa ndani ya sheria kabla hata hao wawili hawajakutana.

Na hata hiyo kura yenyewe ilipatikana kwa shida. Uchaguzi wa Lodi Meya ulikuwa tarehe 23 Februari 2011, watu wakafika vituoni wakakuta masanduku mengine yana karatasi zilizotikiwa tayari, Tume ya Uchaguzi ikafuta kila kitu, ukarudiwa tarehe 14 Machi. Lukwago akamshinda Peter Sematimba wa NRM, chama tawala, kwa mbali sana. Watu wa Kampala wakashangilia, wakaenda nyumbani, wakajua kazi imeisha.

Kumbe haijaisha. Mwaka 2013 makaunsela 17 waliandika malalamiko kwa waziri wa Kampala, wakati huo Frank Tumwebaze, kwamba Lodi Meya ameshindwa kazi na anatumia ofisi vibaya. Sheria inasema theluthi moja ya baraza ikisaini inatosha kuanzisha mambo. Likaundwa jopo, mwenyekiti Jaji Catherine Bamugemereire, likasikiliza, likasema kweli ana makosa. Halafu ikabaki kura ya baraza, inatakiwa theluthi mbili. Tarehe 25 Novemba 2013 wakakaa. Mawakili wa Lukwago wakaja na amri ya mahakama ya kusimamisha kikao, mmoja wao akapigwa pale pale, kikao kikaendelea. Kura zikahesabiwa, 29 wanataka atoke, 3 wanakataa.

Hebu tulia na hiyo namba kidogo, 29 kwa 3. Hao 29 walitoka wapi? Wengi wao walichaguliwa na wapiga kura wale wale wa Kampala ambao 2011 walimpa Lukwago ushindi mkubwa. Na msidhani ni mambo ya NRM tu, naibu wake mwenyewe, Sulaiman Kidandala wa DP, chama cha upinzani, walikuwa wameshakosana na ndo akabaki anakaimu. Kwa hiyo mji ulimchagua mtu kwa mkono huu, na kwa mkono ule ukachagua watu wa kumtoa, na mkono ule wa pili hakuna aliyeuangalia unafanya nini.

Mimi sisemi hapa nani alikuwa na haki kwenye yale mashtaka. Machi 2014 Mahakama Kuu ilisema kumtoa kulikuwa kinyume na sheria, siku chache tu Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, na jamaa akamaliza muhula akiwa nje ya ofisi. Ninachosema ni hiki, zaidi ya miaka miwili jiji kubwa kuliko yote Uganda halikuwa na yule waliyemchagua kwenye kiti, na waliofanya hivo ni watu ambao wapiga kura hawakukumbuka hata sura zao.

2016 wakamrudisha, zaidi ya kura 176,000, na Daniel Kazibwe yule mwimbaji Ragga Dee aliyebeba bendera ya NRM hakufika hata 50,000. 2021 akashinda tena, safari hii kwa tiketi ya chama cha upinzani cha FDC, na hiyo inanifurahisha kwa sababu Kampala yote ilikuwa na moto wa NUP, chama kingine cha upinzani, viti vya ubunge vimechukuliwa na NUP, lakini kwa Lodi Meya watu wakamwacha Latif Ssebaggala wa NUP wakampa Lukwago. Ina maana mpiga kura akitaka anaweza kutofautisha karatasi na karatasi. Basi kama anaweza kwa meya, kwa kaunsela inashindikana nini?

Kaunsela ni mtu wa njia pia, msimdharau. Allan Ssewanyana na Ibrahim Kasozi walikuwa makaunsela wa Makindye kule KCCA, upande wa Lukwago, na 2016 wote wawili wakaingia bungeni. Doreen Nyanjura aliingia KCCA akiwakilisha Chuo Kikuu cha Makerere, baadaye akawa Naibu Lodi Meya. Hivi viti mnavyoviona vidogo ndo ngazi, na anayepanda hiyo ngazi bila mtu kumkagua chini atafika juu hivo hivo.

Sasa turudi nyumbani. Sisi tuna divisheni mbili, Ayivu na Arua Central. Siku ya kuchagua meya wa jiji unapewa pia karatasi ya kaunsela wako na ya kaunsela mwanamke, maana sheria inataka akina mama wawe angalau theluthi ya baraza. Lakini hiyo siku haiji pamoja na ya Rais. Mwaka 2021 Rais na wabunge walichaguliwa tarehe 14 Januari, mameya na makaunsela wa majiji tarehe 20. Na mnajua inavyokuwa. Siku ya Rais mstari umezunguka mti wa mwembe, saa kumi jioni kituo kikifungwa watu hawaondoki, afisa anainua karatasi moja moja juu kila mtu aone, watu wanahesabu naye kwa sauti. Siku ya kaunsela utakuta maagenti wa wagombea, polisi mmoja, na watoto. Karatasi zinainuliwa na hakuna wa kuziangalia. Hapo mtu mwenye kilo chache za sukari na sabuni za kugawa usiku wa jana anakuwa ameshinda, maana waliokuja ni wale aliowagawia.

Naumia na hiki kitu, nawaambia ukweli. Tunalalamika barabara, mitaro, soko, ushuru wa soko, takataka, na karibu yote hayo yanapita kwenye mikono ya baraza, bajeti ya jiji inapitishwa na baraza, lakini hasira zetu zote tunamtupia Rais na mbunge ambao hawapigi kura kwenye hicho kikao.

Kwa hiyo nyinyi vijana mnaotaka kugombea, na nimeona watatu hapa mbele, mkija kwetu tutawauliza: ukikaa kwenye baraza na ukaletewa karatasi ya kusaini umtoe meya, utakuja kutuuliza kwanza au tutasikia redioni? Na nyinyi wapiga kura, baraza lina vikao, mtu anaruhusiwa kuingia kukaa nyuma kusikiliza, nendeni mkasikilize nani anaongea na nani amelala, muandike majina. Na siku ya kaunsela bakini kituoni mpaka fomu ya matokeo isainiwe na agenti apewe kopi yake.

Haya, maswali. Nianze na yule mama wa nyuma mwenye kitenge cha bluu, ameinua mkono muda mrefu.