Derartu Tulu: aliyemngoja mwenzake mstarini

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Nilipoombwa nimzungumzie bingwa wa mbio ndefu wa Ethiopia, najua wengi mlimtarajia Abebe Bikila au Haile Gebrselassie. Sifa zao hazipungui. Ila mimi nimewaletea Derartu Tulu, na nimemchagua kwa jambo alilolifanya akiwa ameshashinda.

Alizaliwa mwaka 1972 Bekoji, mji wa nyanda za juu za Arsi. Twendeni moja kwa moja Olimpiki ya Barcelona, 7 Agosti 1992, fainali ya mita 10,000 wanawake. Ethiopia haikwenda Olimpiki za Los Angeles 1984 wala Seoul 1988. Afrika Kusini ilikuwa imefungiwa mlango tangu miaka ya sitini kwa sababu ya ubaguzi, na ndiyo kwanza inarudi.

Mizunguko ni 25. Nusu ya mbio imepita, Elana Meyer, Mzungu wa Afrika Kusini, anachomoka. Derartu anaondoka naye. Sasa mwangalieni binti huyu wa miaka 20: kuongoza hataki. Mzunguko unaisha, unakuja mwingine, yeye yuko mgongoni tu, Meyer ndiye anayekata upepo. Kengele ya mwisho inakaribia, Derartu anafyatuka. Dakika 31 na sekunde 6. Mwanamke wa kwanza mweusi kutoka Afrika kupata dhahabu ya Olimpiki!

Angeweza kwenda zake kushangilia. Hakwenda. Alisimama akamngoja Meyer afike, wakakumbatiana, wakashikana mikono na kuuzunguka uwanja pamoja. Kumbukeni, mwaka ule Mandela mwenyewe alikuwa bado hajapiga kura nchini kwake. Mimi kila nikiitazama mikono ile miwili, nanyamaza.

Atlanta 1996 alimaliza wa nne, bila medali. Wengine wangekata tamaa. Yeye alizaa, akalea, akarudi, na Sydney 2000 akaichukua tena dhahabu ya mita 10,000. Athens akaongeza shaba. Mbio za nyika za dunia alishinda mara 3. Na mlango alioufungua haukufungwa nyuma yake: binamu yake Tirunesh Dibaba alishinda umbali uleule 2008 na 2012, kisha Almaz Ayana 2016. Hesabuni wenyewe: kuanzia Barcelona hadi Rio, dhahabu 5 kati ya 7 za mita 10,000 wanawake zilikwenda Ethiopia.

Nimalizie na marathoni ya New York, 2009. Derartu ana miaka 37, watu wameshamtoa kwenye hesabu. Paula Radcliffe wa Uingereza, bingwa wa pale, mguu unaanza kumsumbua, anaachwa. Derartu anageuka, anamhimiza ajikaze waende pamoja. Mpinzani wake huyo! Alipoona mwenzake kweli hawezi tena, ndipo akaenda, akashinda kwa saa 2, dakika 28 na sekunde 52.