Mfiwa Mpeni Tawasifu, Mawaidha Ameshayasikia

Asanteni. Najua wengine mmeshanisikia nikilisema hili la kumpelekea mfiwa kitabu, vumilieni. Mtu akifiwa hapa Iringa hakosi watu. Turubai linafungwa, ugali unasongwa, rambirambi zinaandikwa daftarini. Tatizo ni matanga yakishaanuliwa, kila mtu akarudi shambani kwake. Hapo ndipo kitabu kina kazi. Ukimpelekea siku ya pili ya msiba, umempa kitu kingine cha kutafutia mahali pa kuweka.

Sasa, kitabu gani? Wengi mnakimbilia vile vinavyosema huzuni hupita hatua tano, kuanzia kukana hadi kukubali. Jamani! Hatua zile zilienezwa na kitabu cha daktari Elisabeth Kübler-Ross cha 1969, na aliowahoji walikuwa wagonjwa waliokaribia kufa. Hawakuwa wajane. Matokeo yake mama wa watu anahesabu hatua kama madarasa, hasira ikimrudia anadhani amefeli msiba.

Tawasifu, yaani kitabu cha mtu anayesimulia maisha yake mwenyewe, haimpimi mtu. Chukueni kitabu cha Shaaban Robert kiitwacho Maisha Yangu. Anafiwa na mkewe Amina, anamwombolezea kwa shairi, lakini hakomei hapo. Ndani ya kitabu hicho hicho mna Utenzi wa Hati, anaomtungia binti yake, na Utenzi wa Adili, wa mwanawe wa kiume. Mjane wa kiume mwenye watoto akisoma hapo haelezwi namna ya kuwa na nguvu. Anamwona baba mwenzake akiwaasa watoto ambao mama yao hayupo. Na lile shairi la Amina msilisome kimoyomoyo. Mizani nane, yaani silabi nane, pumzi, mizani nane, pumzi. Mwenye kwikwi anaweza kufika mwisho wa ubeti, kwa sababu mtunzi ameshamwekea pa kupumzikia. Nathari haimpi nafasi hiyo.

Kipimo: kurasa mbili tatu, mchana. Mfiwa husoma ukurasa ukampotea wote, akaurudia, ukampotea tena. Ni uchovu na kukosa usingizi, msimsahihishe. Wewe unayempa kitabu kisome kwanza chote. Kurasa zinazosimulia ugonjwa na hospitali zibane kwa kipande cha karatasi, umwambie ziko wapi. Kama marehemu wake aliondoka kwa ugonjwa huo huo, akizikuta saa nne za usiku bila kuonywa, halali, na kitabu hakigusi tena.

Mtasema watu wa kwetu hawasomi. Mbona wanasikiliza? Mmoja asome, wengine wapukuchue mahindi. Ila msomaji asisimame kila aya kufafanua, maana hapo mmesharudi kwenye mawaidha.

Wachungaji huniuliza kuhusu C. S. Lewis, mwandishi Mkristo mzaliwa wa Belfast aliyefiwa na mkewe 1960, mwaka uliofuata akatoa kitabu kwa jina la bandia, humo anamlalamikia Mungu waziwazi. Apewe ambaye tayari analalamika. Anayeshikilia sala zake mwacheni nazo. Wazee je? Tawasifu ya Mzee Mwinyi ya 2021 iko kwa Kiswahili. Si kitabu cha msiba, lakini bibi aliyeondokewa na mumewe atakuta humo miaka waliyoishi pamoja.

Naona naonyeshwa saa. Suala la watoto tutalirudia siku nyingine. La mwisho, ninyi wenye kadi za maktaba: msimwazime mfiwa kitabu chenye tarehe ya kurudisha wiki ijayo. Kiongezeeni muda wenyewe, kwa kadi zenu, bila kumuuliza amefika wapi.